Mashimo Matatu Kwa Gari ya Guka

Jamaa alikuja na tochi. Hapo ndipo ningeshtuka. Saa nne asubuhi, jua la Njoro limewaka vizuri, halafu mtu anayetaka kununua gari anatoa tochi mfukoni? Huyo hajakuja kuona rangi.

Gari yenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Imekaa chini ya mabati nyuma ya nyumba ya shosho tangu guka atuache 2019. Jamaa alizunguka, akapiga magoti, akagonga chuma kwa kidole kama daktari anayesikiliza kifua. Injini akaipenda. Viti akavipenda. Halafu akaingiza kichwa ndani, akamulika nyuma ya kiti cha dereva, akamulika mlango wa kulia, akamulika wa kushoto. Akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu. Mmetoboa gari."

Mashimo matatu ya spika. Akasema gari za aina hii bei yake iko kwa uorijino, na kila shimo ni laki moja chini. Kwa hivyo toa laki tatu.

Nilipiga hesabu haraka. Kuna fundi wa bodi Nakuru ninayemjua, akichukua mabati, achomelee mashimo yote, apige puti na rangi, hawezi pita elfu arobaini na tano. Unatumia elfu arobaini na tano, unaokoa laki tatu. Na pesa inahitajika, sitawadanganya. Shosho anangoja kufanyiwa operesheni ya goti, na hiyo gari ndiyo kitu pekee hapo nyumbani kinachoweza kuilipa bila kugusa shamba.

Tena mimi ndiye msee ambaye miaka miwili sasa nawatukana hapa watu wanaokata gari za zamani. Mnakumbuka nilivyomchoma yule wa Mercedes na wufa mbili. Kwa hivyo nilimwambia jamaa, sawa, tutaziba.

Shosho alikuwa ameketi kwa kiti chake mlangoni, tukidhani hasikii. Akasema, "Hilo la nyuma hamlizibi."

Na logibuku ni ya shosho.

Sasa, kwa wale ambao gari ni Subaru tu, wacha niwaambie Zed ni nini, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kelele yangu. Nissan waliitoa Japani mwaka 1969. Kule kwao inaitwa Fairlady Z, kwingine 240Z. Viti viwili, pua ndefu, injini ya silinda sita ya sisi 2,393 na kabureta mbili. Ilitengenezwa Wamarekani wapate gari ya spoti kwa bei ambayo mtu wa mshahara anaweza kufikia. Lakini jina lake kubwa ilikuja kulipata kwa matope yetu. 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally na 240Z, na nyuma yao namba mbili ikawa Zed nyingine, ya Shekhar Mehta. 1973 Mehta akashinda mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, baada ya kufungana pointi sawa kabisa na Harry Källström aliyekuwa pia kwa Datsun. Ile gari ya 1971 Nissan wanayo hadi leo kule Japani, kwa ghala lao la gari za kihistoria huko Zama.

Nyinyi mnaijua Safari ya WRC, ile iliyorudi 2021, ya kushuka Vasha wikendi, hema, nyama, na Subaru kumi zimefungua buti kila moja na ngoma yake. Safari ya wazee ilikuwa kitu kingine. Ilianza 1953, wakati huo ikiitwa Coronation Safari kwa sababu ya kutawazwa kwa Elizabeth, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Pasaka, maelfu ya kilomita, barabara ikiwa wazi na ng'ombe wako. Miaka mingi ilipita pande hizi za Rift. Watu wa Nakuru na Njoro na Molo walikuwa wanasimama kando ya barabara kutoka asubuhi kungoja kitu kitakachopita kwa sekunde nne.

Guka alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi ya pareto, maua yale ya dawa ya wadudu ambayo yalilisha nusu ya watu wa hapa, na aliona Zed ikipita, akapatwa na ugonjwa. 1979 mzungu mmoja wa Subukia akawa anauza yake ahame, guka akauza ng'ombe watatu na akaongezea deni. Familia ya watu wanne, gari ya viti viwili. Shosho anasema hawakuongea wiki mbili.

Turudi kwa spika.

Neno "orijino" limenisumbua tangu siku ile ya tochi, kwa hivyo nikaanza kusoma, na nilichopata kilinivunja moyo kidogo kama mtu wa uorijino. Gari za spoti za enzi hizo nyingi zilitoka kiwandani bila sauti yoyote. Jaguar E-Type ya 1961, ile ambayo watu wanaiita gari nzuri kuliko zote, redio ilikuwa ya kuongezea. Kama hukulipia, ulipewa kibati cha kufunika pale redio ingekaa. Porsche pia, redio ilikuwa kitu cha kuagiza kando. Waliokuwa wanatengeneza gari za mbio waliona redio kama mzigo, na wanunuzi hawakukubaliana nao, kwa hivyo mtu alinunua gari kisha akaipeleka kwa fundi. Kwa maneno mengine, kutoboa ni kwa zamani kama gari zenyewe.

Hata redio ya gari yenyewe ilianza kama kitu cha kuongezwa. Mwaka 1930 huko Chicago ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin, walikuwa wanatafuta kitu cha kuuza, biashara imekufa na uchumi wa dunia umeanguka. Paul akafungwa redio kwa Studebaker yake, akaiendesha hadi Atlantic City palipokuwa na mkutano wa watengenezaji redio, akaegesha nje na kufungulia sauti wapita njia wasikie. Hakuwa na kibanda ndani. Jina walilolipa redio hiyo ni Motorola, mota na ile "ola" iliyokuwa mwisho wa majina ya vyombo vya muziki wakati huo. Ndiyo, Motorola ya simu ya mamako.

Shida yao kubwa ilikuwa injini. Plagi zinatoa cheche, cheche inatoa mawimbi, na redio ya AM inayachukua yote. Ukikanyaga mafuta, spika inalia zzzz pamoja na injini. Walitumia muda mwingi kuua hiyo kelele. Kwa Zed ya guka haikuisha kabisa. Mamangu anasema alikuwa anajua gia guka amebadilisha kwa kusikiliza taarifa ya habari.

Sasa shimo la kwanza.

Zed yetu ilikuja na redio ya AM na spika moja, nyuma ya kiti cha abiria, imefichwa na plastiki yenye vitundu. Spika moja ilitosha, maana Sauti ya Kenya ilikuwa inakuja kwa mawimbi ya kati na hayo hayana kushoto na kulia. Kitu kilichobadilisha mambo ni kaseti. Philips waliitoa 1963, na miaka mitano baadaye ikaanza kuingia kwa gari. Kaseti ina nyimbo za pande mbili, na mtu wa kawaida akawa anachagua muziki wake akiwa barabarani. Hapo awali unasikiza kile studio imeamua.

Kwa mtu wa Rift hilo halikuwa jambo dogo. Kericho hapo, masaa machache kwa barabara, duka la Chandarana lilikuwa linarekodi na kutoa santuri za benga zilizochezwa nchi nzima. Lakini santuri haichezi kwa gari kwa hizi barabara. Kwa hivyo ulikuwa unapeleka santuri zako kwa duka la kunakili mjini, unalipa, unarudi jioni kuchukua kaseti imeandikwa kwa kalamu. Guka alikuwa nazo arobaini na kitu. Tulizipata kwa kreti ya soda.

1981 akanunua redio ya kaseti. Redio ina njia mbili, gari ina spika moja. Fundi mmoja wa Bondeni akachukua makasi ya bati akakata upande wa pili, nyuma ya dereva, ili kuwe na kushoto na kulia. Hilo ndilo shimo ambalo jamaa alimulika kwanza. Si zuri. Ukipitisha kidole pembeni unasikia meno. Upande mmoja makasi yaliteleza na kuna mkato wa inchi mbili unaoenda popote.

Nilipomuuliza shosho kwa nini hilo hatulizibi alininyamazia siku mbili. Halafu jioni moja tukichambua maharagwe akaanza tu.

Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Walikuwa wanatoka Njoro kwenda kanisani Nakuru, kama kilomita 20, na walitoka mapema kwa sababu guka alikuwa mzee wa kanisa. Guka na shosho kwa viti. Mamangu miaka sita na anko miaka kumi, nyuma, pale pa kuwekea mizigo, chini ya kioo, kila mmoja upande wake. Hakuna mkanda, hakuna kiti. Msinipigie kelele, ilikuwa 1982. Mamangu alikuwa upande wa shimo jipya. Anasema alikuwa anapenda kuweka shavu pale kwa sababu spika ilikuwa inamtetemesha.

Redio ilikuwa imewashwa, muziki tu. Halafu ikaja sauti ya Leonard Mambo Mbotela. Ile sauti kila nyumba iliijua, ndiyo ya mpira, ndiyo ya "Je, Huu Ni Ungwana?" Lakini alikuwa anasema kitu ambacho hakuna aliyewahi kusikia, kwamba serikali imepinduliwa. Baadaye nchi ilikuja kujua kwamba wanajeshi wa angani walimtoa nyumbani kwake na kumlazimisha kutangaza. Kwa gari ya guka walisikia sauti tu.

Shosho anasema kitu cha kwanza guka alifanya ni kupunguza redio. Barabara tupu, shamba huku na huku, vioo vimefungwa, na yeye anapunguza sauti kama vile mtu atasikia kutoka nje. Hakuizima. Aliipunguza mpaka wao wa mbele hawakuwa wanasikia maneno kwa sababu ya injini, na spika ziko nyuma. Kwa hivyo mamangu, mtoto wa miaka sita, shavu kwa shimo, ndiye aliyekuwa anarudia. "Anasema watu wakae nyumbani. Anasema polisi wawe raia." Anatangaza mapinduzi kama anayesoma darasani.

Guka akageuza gari. Hakuenda barabara kubwa tena, alikata kwa njia za mashamba kwa sababu Lanet kuna kambi ya jeshi na hakujua nani yuko upande gani. Watu wazima wa Nakuru wanaijua hiyo hofu, Lanet ilishaasi mara moja Januari 1964, na guka alikuwa kijana hapo mjini wakati huo. Wakafika nyumbani, akaingiza Zed kwa ghala la mahindi, wakakaa ndani ya gari mlango wa ghala umefungwa, wote wanne, wanasikiliza. Redio ya nyumbani ilikuwa haina betri. Walikaa mle mpaka mchana, jeshi likairudisha stesheni, na sauti ikabadilika tena.

"Wewe unataka kuchomelea bati hapo," shosho akaniambia, "niweke wapi hiyo siku?"

Sikuwa na jibu. Nilienda kupika chai.

Mashimo ya pili na ya tatu, yale ya milango, hayana hadithi ya kutoa machozi. Ni ya anko. Na kusema ukweli ni kazi mbaya sana, ningekuwepo ningemnyang'anya msumeno.

Anko alikuwa mtu wa mathree. Kama ulizaliwa baada ya 2000 kama mimi, unaona nganya za leo na skrini zake unadhani kizazi chetu ndicho kilianza. Wapi. Matatu ziliruhusiwa rasmi 1973, Kenyatta alipotoa amri, na kufika miaka ya tisini sauti ndiyo ilikuwa biashara. Abiria wa rika lako alikuwa anaacha gari tupu steji angojee ile yenye bezi. Anko alikuwa na moja ya kuingia Nakuru kutoka Njoro, na anasema pesa aliyotumia kwa spika ilirudi ndani ya miezi minne. Hapo ndipo mafundi wetu walisomea. Hakuna chuo cha spika za gari Nakuru. Kuna watu waliojifunza kwa kufunga ngoma kwa mathree zinazopiga rafu siku nzima, vumbi la Gilgil, joto, mtu amekanyaga waya, na bado isikike vizuri kiti cha nyuma.

Halafu Februari 2004, sheria za Michuki. Mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80, mstari wa njano, watu kumi na wanne basi. Anko hakutaka shida na askari kwa kitu chochote, akang'oa mziki wote. Spika nzuri zikabaki kwa sebule, shosho akamwambia azitoe. Akaangalia Zed ya babake. Stesheni za FM zilikuwa tayari zimejaa hewani tangu Capital FM ianze 1996, redio ya zamani ya AM ikawa kama simu ya waya. Guka alikuwa amesafiri kuona ndugu yake Nyahururu. Aliporudi akakuta gari yake ina mziki wa mathree.

Hawakuongea wiki mbili. Inaonekana hiyo ndiyo hukumu ya kawaida hapo nyumbani.

Sasa wasee wangu wa uorijino, nawauliza, hii gari orijino yake ni ya tarehe gani? Jamaa wa tochi anataka ile ya siku ilitoka kiwandani Japani, kabla haijakutana na mtu yeyote kati yetu. Si mjinga. Kuna soko la dunia lenye kipimo hicho, na bei yake inatoka huko. Lakini hicho kipimo kinasema kwamba kila kitu gari ilifanya ikiwa Kenya ni uharibifu. Kaseti ya Bondeni, uharibifu. Michuki, uharibifu. Na ni hiyo hiyo gari ambayo jina lake lilitengenezwa kwa kupigwa na mawe ya hapa. Hakuna mtu anayewaambia Nissan kwamba matope ya 1971 yalipunguza bei.

Sisemi mtoboe gari. Nasikia tayari wengine mnachukua drili. Mashimo yaliyopo yana watu ndani yake, shimo lako la kesho lina wewe tu na spika ya elfu tatu.

Basi tulimwita fundi. Si wa bodi, wa mziki, jamaa wa Industrial aliyefundishwa na aliyefunga mathree za anko. Nilimpa sharti moja, hakuna bati jipya litakalokatwa. Alicheka, akasema hiyo ni rahisi, shida ni kwamba yaliyokatwa yalikatwa vibaya, na akanionyesha kitu ambacho unaweza kujaribu nyumbani.

Alichukua spika uchi, akaiweka mezani, akacheza ngoma. Bezi hakuna, kelele nyembamba kama redio ya mlinzi. Kisha akachukua kadibodi kubwa yenye tundu, akaibana spika hapo. Bezi ikaja. Spika ile ile, sauti ile ile. Sababu yake ni kwamba spika inasukuma hewa mbele wakati huo huo inavuta nyuma, na kama hakuna ukuta katikati, hewa ya mbele inakimbilia nyuma na vinauana. Mlango wa Zed yetu ulikuwa na shimo la mviringo kama yai, spika ya duara, na nafasi za kupitisha kidole gumba pembeni. Kwa hivyo kwa miaka kumi na tano guka aliendesha gari ambayo milango yake ilikuwa inaua bezi yake yenyewe. Anko alikuwa anamaliza hilo kwa kuongeza sauti.

Dawa ni ringi ya mbao. Unakata ringi inayolingana na spika ya inchi sita na nusu, unaipaka vanishi isinywe maji, unaifunga juu ya shimo baya, unaziba pembeni na mpira. Mpira wetu ulitoka kwa tyubu ya baiskeli. Kabla ya hapo alisugua kila ukingo uliokatwa na kupaka redi oksaidi, kwa sababu bati lililokatwa likaachwa wazi ndipo kutu inaanzia, na hapo jamaa wa tochi alikuwa na haki asilimia mia. Shimo la 1981 lilikuwa limeanza kuliwa chini. Miaka miwili mingine lingekuwa dirisha.

Pia alinizuia kwa amplifaya. Mimi nilitaka ile ya wati elfu moja. Akaniuliza altaneta ya hii gari inatoa nini. Tukasoma kibati chake, ampia 45. Akapiga hesabu kwa mkono wake na kalamu. Wati elfu moja za kweli kwa umeme wa gari ni karibu ampia mia. Altaneta haina, betri italipia, na kabla betri ife utaona taa za mbele zinapumua na ngoma. Tena akaniambia redio zinazoandikwa 50 mara 4 kwa sanduku, ni maneno. Kwa volti 14 na kitu na spika ya omu 4, redio yenyewe bila amplifaya ya kando haipiti wati 26 safi kwa kila spika, na nyingi hazifiki hapo. Nilikuwa nimewaambia hapa mwaka jana mnunue hiyo ya 50. Samahani.

Akafunga amplifaya ndogo chini ya kiti, skrubu zikipita kwa matundu ya zamani ya reli ya kiti, na fyuzi karibu na betri. Redio ya kisasa akaificha ndani ya kisanduku cha glavu, kwa dashibodi ikabaki ile ya kaseti ya 1981, ambayo haichezi tena lakini taa yake inawaka. Nyuma akaweka spika ndogo mbili, moja mahali pa kiwanda, moja kwa shimo la Bondeni. Ule mkato wa makasi ulioteleza ameuacha, amepaka rangi tu. Kila kitu elfu ishirini na nane na mia tano.

Jumamosi tuliisukuma nje, ikakubali kuwaka mara ya nne. Nikamfungulia shosho mlango wa kushoto, akaingia polepole kwa sababu ya goti, akakataa mkanda. Nilikuwa nimeandaa ngoma za benga, nikitaka kumrekodi akitabasamu, unajua vile sisi huwa. Akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia saa saba kasoro. Akasema weka habari.

Tulikaa hapo uani injini ikinguruma tukasikiliza taarifa ya saa saba. Yote. Bei ya mahindi, michezo, hali ya hewa ya nyanda za juu. Hakusema kitu. Ilipoisha akanyoosha mkono, akapunguza sauti kidogo, na akaketi hivyo muda.

Jamaa wa tochi alipiga simu Jumanne. Nilimpa shosho. Alimwambia mashimo bado yako na bei imerudi ile ya kwanza, bila kutoa laki tatu, na kama anataka aje aisikilize kwanza. Jamaa akasema atafikiria. Operesheni ni Novemba, deposit ya hospitali ni kabla ya hapo, na anko ameanza kuuliza watu bei ya robo ekari.

Gari iko pale chini ya mabati. Nimechomoa waya mmoja wa betri isije ikafa kabla hajapiga tena.